Joho la Lorkan

Haya, sogeeni, na wewe unayesinzia kanawe uso, maana leo mtanisaidia kuamua.

Zamani sana, huko Ayalandi, Waviking walizoea kuja na merikebu zao, wakichoma vijiji na kuteka watu. Mmoja wa waliotekwa, Lorkan, walimfunga mnyororo kwenye kasia. Alivuta kasia lile miaka kumi na mmoja, na kila siku aliwataja wanawe kimoyomoyo asije akawasahau: Etna, Fiakra, Ronan. Nao huko nyumbani wakakua. Etna, mwokota chaza, alijua maji yatajaa lini na yatafika wapi. Fiakra alikuwa na masikio, jamani, hata kuku wa jirani akitaga alisikia. Ronan hakuwa na maneno mengi, ila kwa kuogelea na kwa shoka hakuna aliyemfikia.

Ikafika siku ya vita kuu. Waviking waliziacha merikebu mchangani bila kutia nanga, watumwa wakiwa wamefungwa humo, wao wenyewe wakapanda nchi kavu kupigana. Bahari waliiona mali ya baba yao, wangemuuliza nani?

Etna alijua kwamba siku ile ni bamvua, maji yatajaa kupita kiasi. Akamsihi mkuu wa jeshi la kwao awazuie adui hadi alasiri. Akasikilizwa. Maji yakaja, yakazibeba merikebu, na Waviking wakakosa pa kukimbilia. Walishindwa vibaya, na tangu hapo nguvu zao zikaanza kwisha.

Lakini Lorkan naye, akiwa ndani ya mojawapo ya merikebu hizo, alikuwa anapelekwa miambani. Akapiga mluzi wake wa kuitia ng'ombe, basi tu, kwa kukata tamaa. Katika kelele zote zile Fiakra akausikia.

"Baba yumo kwenye ile nyekundu," akasema.

Ronan akajitosa, akaukata mnyororo, akamleta baba yake mgongoni.

Sasa, kwa desturi yao, aliyetoka utumwani hutundika joho lake katika nyumba moja tu. Huko ndiko atakakokula, atakakougua, atakakofia. Watoto wote watatu walikuwa wameshamtandikia kitanda, kila mmoja nyumbani kwake. Lorkan, kifua kikimbana, alijua hatamaliza mwaka, na aliwapenda sawasawa mpaka ikamuuma.

"Baba, usituogope," Etna akamwambia. "Chagua tu."

Akasimama na joho mkononi, akilia.

Msinitazame mimi, nami nina watatu. Wewe ungelitundika kwa nani?