Arubuni ya Chatu

Paukwa!

—Pakawa!

Mh! Sauti gani hiyo, kama mmenyimwa uji? Paukwa!

—Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo kale, kale ya wanyama kuoana na kualikana, alikuwako ndege mmoja, Kurumbiza. Manyoya yake ya njano, mdomo wake mwekundu. Na sauti, jamani! Akifungua kinywa, mwenye kulima anaacha jembe, mwenye kupika anaunguza mboga. Wimbo wake wa kuita watu harusini msitu mzima uliujua:

"Fiyuu-liyu! Njooni, njooni, ngoma iko huku!
Fiyuu-liyu! Aliye mbali na anyanyue mguu!"

Mwanzo aliimba katika kundi la Ngedere. Ngedere alikuwa mkono wa birika. Wakitoka harusini na mtama wao wa malipo, kabla ya kugawana anatia kwanza ghalani. Huu wa masika, huu wa kununulia ngozi za ngoma. Kinachobaki ndicho wanagawana. Kurumbiza akanuna, akavimba.

"Sauti yangu, ghala lake! Naondoka. Kuanzia leo najitegemea."

Akaondoka kweli. Akafuatana na mpiga ngoma mmoja tu, Buku, yule panya mkubwa. Buku alikuwa mpole, ana mashavu manene na watoto tele shimoni.

Mambo yakawanyookea. Kurumbiza akiimba, wageni wanasimama kumtunza. Twiga anainama, anamvika suke la mtama shingoni. Kanga anammwagia punje mabawani, huku anatikisa kiuno, mradi aonekane. Vigelegele, lelelelele! Naye Kurumbiza, kwa kuwa anatazamwa, anawamwagia wageni hao hao. Kuleni! Nyweni! Usiku tuzo zimejaa, asubuhi halipo hata ganda.

"Bwana mkubwa, fungu langu?" Buku anauliza.

"Harusi ijayo, Buku."

Harusi ijayo ikifika, "Harusi ijayo, Buku."

Tena kulikuwa na arubuni. Arubuni ni ule mtama wa kabla ya kazi, mwenye harusi anakupa ili usiende kumwimbia mwingine. Arubuni ya Nguruwe ikaliwa kwenye karamu ya Pundamilia. Arubuni ya Mbuni ikaziba pengo la ile ya Nguruwe. Basi Kurumbiza akawa kila siku anaimba harusi ambayo malipo yake yamekwisha kuliwa. Na bado anajiona tajiri! Mnacheka? Wapo watu wazima humu hawacheki.

Masika yakaingia. Mvua, mvua, mvua. Nani ataolea kwenye tope? Hakuna ngoma, hakuna tuzo. Kurumbiza akakaa tawini, manyoya chapachapa, tumbo linanguruma. Buku akaja na mashavu yamebonyea.

"Bwana, watoto wanalia. Nipe japo kidogo katika changu."

"Vumilia, ndugu yangu."

"Nimevumilia hadi basi. Sikupigii tena ngoma mpaka niuone mtama wangu." Akaenda zake.

Ndipo majani yakalia. Shwaaa. Shwaaa. Chatu huyo, polepole, anaburura kikapu kimejaa.

"Kurumbiza, mwanangu."

"Naam, mzee."

"Binti yangu anaolewa. Nataka sauti yako. Arubuni hii hapa, chukua yote."

Ngojeni kwanza. Chatu anakula mtama?

—Hali!

Sasa ule mtama aliutoa kwa nani? Kikapu kilikuwa na kamba ya kubebea begani, nayo imekatika, kama kwamba mwenye kikapu alikuwa mbioni. Kurumbiza aliiona ile kamba. Akataka kuuliza. Lakini njaa nayo ikataka kula. Akala. Akala mpaka akakiona kitako cha kikapu.

Siku ya harusi ikafika. Buku aligoma, Kurumbiza akaenda peke yake. Akaingia pangoni kwa Chatu. Hakuna moshi wa jikoni. Hakuna chungu. Hakuna mtu. Pamenyamaza kimya, na harufu yake, watoto, siwaambii.

"Bibi harusi yuko wapi, mzee?"

"Imba kwanza."

"Na wageni?"

"Wageni utaniitia wewe."

Kurumbiza akaelewa. "Mzee, nakuomba, nikurudishie arubuni yako."

"Irudishe."

Atarudisha nini? Hana hata punje. Mkia wa Chatu ukamzunguka miguu, mara moja, halafu tena. Ukakaza.

"Umekula, utaimba. Leo, kesho, kila siku. Ukinyamaza, nitaanza na wewe."

Akaimba. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa sauti yake, tamu ile ile. "Fiyuu-liyu! Njooni, njooni, ngoma iko huku!" Huku anaomba moyoni: msije, msije, msije.

Upepo ukaubeba wimbo mpaka shimoni kwa Buku. Buku akaruka. "Mke wangu, Kurumbiza kapata kazi! Leo atanilipa!" Akajitundika ngoma yake, huyoo, mbio kwenye tope. Chapa, chapa, chapa.

Kurumbiza akazisikia zile nyayo. Alizijua.

"Bwana mkubwa!" Buku anaita mlangoni, anahema. "Nimeacha hasira zangu, nimekuja na ngoma!"

Chatu akafungua kinywa. Akatulia tuli gizani. "Endelea," akanong'ona. "Mwite."

Buku akatia mguu mmoja ndani. Akatia wa pili. Kurumbiza aliogopa, aliogopa sana, sitaki kuwadanganya kwamba alikuwa shujaa. Lakini yale mashavu yaliyobonyea ni yeye aliyeyabonyeza. Akapiga yowe:

"Kimbia, Buku! Hapa hakuna harusi!"

Chatu akaruka, fyaa! Buku akaitupa ngoma, akageuka. Chatu akameza, gubu! Kumbe amemeza ngoma, imemkwama kooni. Mkia ukalegea. Kurumbiza akachomoka, manyoya ya mkia kayaacha pale pale.

Nyuma yake akasikia sauti inayokoroma: "Arubuni yangu bado iko tumboni mwako!"

Ndiyo maana mpaka leo kurumbiza huimba amejificha majanini, juu kabisa. Sauti utaisikia, mwenyewe humwoni.

Kiangazi kiliporudi, tuzo zake za kwanza hakuzila. Alimpelekea Buku fungu lake, la zamani na la sasa, na lililobaki akaliweka kwa ajili ya masika. Buku akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, bwana mkubwa. Kinyongo sina."

"Basi turudi kazini, ndugu yangu. Ngoma nitakununulia mpya."

Buku akatikisa kichwa. "Siwezi. Siku hizi nikiusikia wimbo wako, miguu inakimbia yenyewe."

Mmesikia? Mwenye kuishi kwa sauti yake, malipo ya kabla ya kazi asiyafanye yake. Amtolee kwanza aliyefanya naye kazi, aweke na ya masika, ndipo ale. Asipofanya hivyo, sauti yake itapata bwana.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mlango wa Buku. Anayeogopa kwenda kulala, asimame nimpeleke.