Redio ya Dakta Ladislaus

Hii imezunguka makundi matatu kabla ya kunifikia. Nimeondoa vikopa na maua, hadithi nimeiacha. Isome yote kabla hujamtumia bosi wako.

Palikuwa na bohari ya mafuta yenye mstari wa njano getini. Ng'ambo ya mstari ni matangi ya petroli. Mvuke wake hauonekani, na cheche moja ya betri mbovu ingetosha kuwafanya wote waliomo marehemu. Kwa hiyo kila redio koli ilifunguliwa mgongo kwanza, betri ikakaguliwa. Iliyochoka ilibaki hapo hapo, kwenye sanduku la mchanga, ikisubiri gari la kwenda kuiyeyusha. Ukitaka mpya, unapanga foleni na kuirudisha ya zamani kwa mkono wako.

Mlinzi wa mstari alikuwa Bi Mwantumu, mjane mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Meneja alikuwa Dakta Ladislaus. Udakta wa nini, hakuna aliyewahi kuambiwa. Redio yake ilikaa kiunoni ndani ya mkoba wa ngozi, na kila penye watu aliichomoa: "Kontroli, Kontroli, Dakta hapa! Nakupata vizuri!" Ila ng'ambo ya mstari hakuwa amekanyaga kwa miezi saba. Huko hakuna kiyoyozi.

Siku moja wakaja wageni wa makao makuu kukagua usalama. Dakta akawaongoza hadi getini.

"Mama, tupishe, tuna haraka."

"Marahaba," alijibu Bi Mwantumu, ingawa hakuna aliyemwamkia. "Redio, bosi. Nifungue mgongo."

"Mimi? Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, bosi. Nisiyoijua ni betri yako."

Dakta akainama, akanong'ona: "Ukiniaibisha mbele ya wageni, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Bi Mwantumu alikuwa na watoto watatu shuleni. Hata hivyo akanyoosha mkono.

"Basi niimalize vizuri. Redio."

Akaifungua. Mahali pa betri palikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kimechongwa kikatoshea, kimezungushiwa utepe mweusi.

Miezi saba Dakta alikuwa anazungumza na sabuni.

"Betri ilikufa," alisema kwa sauti ndogo. "Ningepangaje foleni hapa na madereva? Na redio ikiwa tupu, haining'inii vizuri."

Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mwantumu hakucheka.

"Hii ni salama," alisema. "Sabuni haitoi cheche. Pita, bosi. Anayefuata!"

Kiongozi wa wageni, bado anajifuta machozi, akampa redio yake. Bi Mwantumu akaifungua. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, na ilikuwa ya moto.

Kicheko kikakatika. Wote wakayatazama matangi. Bi Mwantumu akaiziba betri vichwa kwa utepe, akaifukia mchangani, akanawa mikono kwa ile sabuni ya Dakta.

Kiongozi akageuka, akauliza:

"Dakta, nilikusikia ukimnong'oneza huyu mama. Leo ni siku ya mwisho ya nani?"

Dakta akaichukua redio yake tupu, akaiweka sikioni.

"Kontroli? Naam! Nakuja sasa hivi!"

Akaondoka mbio.

Funzo: Anayekuuliza kama unajua yeye ni nani, mkague kwa makini; na anayemcheka, usimruke.