Trauti wa Kwanza Baada ya Tope

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikishaanza sitaki kuona mtu anakunja pua. Ninachosimulia kimetokea kwetu, juu kule Rungwe, kwenye mto Lufwisi, na ni kweli tupu. Unacheka? Cheka. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, lakini mto huo naujua kuliko wewe unavyoujua uso wako. Nakutegea fumbo, na kwa usomi wako wote huo nitakuona unajikuna kichwa.

Lufwisi ni mto wa baridi. Ukitia mguu asubuhi, unautafuta mpaka mchana. Humo wanaishi trauti, samaki wenye madoa ubavuni kama waliorushiwa rangi na fundi asiyejali. Trauti ana maringo. Maji ya vuguvugu hayataki, machafu hayataki, na kitu asichokiona vizuri hakigusi. Kwa hiyo masika yote, mto unapokuwa na rangi ya chai ya maziwa, kamati ya mto inaufunga. Siku mvuvi atakaposimama maji yakamfika magotini na bado akakiona kidole gumba cha mguu wake, siku hiyo mto umefunguka.

Na hapo ndipo vurugu huanza. Atakayeleta trauti wa kwanza mbele ya kamati, akiwa hai, mrefu kutoka kiwiko cha mwenyekiti hadi ncha ya kidole chake, anapewa Bwawa la Mawe msimu mzima. Bwawa hilo ni kina kilichoko juu ya maporomoko, ndiko trauti wanakojazana. Pamoja na bwawa anapewa kibanda cha mawe kilicho kando yake, chenye jiko, dirisha, na mlango unaofunga. Bwawa moja, mtu mmoja. Waliwahi kugawana, zamani, wakaishia kuvunjiana fimbo za kuvulia migongoni.

Msimu uliopita kibanda kilikuwa cha Subilaga, mjane mwenye watoto wawili. Kabla ya hapo alikuwa analala jikoni kwa kaka yake, ambako wifi yake alikuwa akimwangalia kila anapogusa kopo la sukari. Kukosa samaki wa kwanza mwaka huu maana yake ni kurudi kule, kwenye moshi na yale macho. Mvua zilipoanza kuachia, Subilaga alishaanza kufunga sufuria zake kwenye kanga, kisha akazifungua, kisha akazifunga tena.

Sasa wasikilize wenye vipaji.

Subilaga mwenyewe kipaji chake ni vidole. Anachukua nyoya la shingo ya jogoo, uzi wa sweta kuukuu na ndoana tupu, anakufungia mdudu ambaye wewe mwenyewe utataka kumfukuza kwa mkono. Trauti anamwona, anasahau maringo yake.

Gwamaka, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kipaji chake ni maji. Anachovya kidole, ananusa, anakwambia mvua imenyesha upande gani wa mlima na tope litatulia wapi kwanza. Huyo anakitaka kibanda kwa sababu paa lile aliliezeka marehemu kaka yake, na kila akilewa analitaja.

Ambokile, jirani yao, kipaji chake ni mwili. Baridi haimjui. Anaingia Lufwisi mwezi wa Juni, anatoka anajipepea. Mikono yake ikishika kitu chini ya maji, kitu hicho kimeshikwa. Anataka kuoa, na wakwe wamemuuliza swali moja tu: utamlaza wapi mtoto wetu?

Mwaka huu hali ya hewa kijijini ilikuwa mbaya, na sisemei mvua. Watu walikuwa wanasema.

Watu walimwambia Gwamaka, "Shemeji yako atakwenda mtoni siku ya gulio, wakati nyie wote mko sokoni." Basi siku ya gulio Gwamaka hakwenda gulioni. Alijibanza kwenye mianzi kuchunga njia ya Subilaga, roho juu, kila jani likitikisika anasema ndiye huyo. Njia ilikuwa tupu. Ila kutoka pale alipojibanza aliona kitu ambacho asingekiona akiwa sokoni anabishania bei ya jembe: pale kwenye kona, chemchemi inapotoka mwambani na kuingia mtoni, tope lilikuwa limeachia. Palikuwa na utepe wa maji safi, upana wa kiganja. Akatazama tena baadaye, upana wa mkeka. Akashuka, akasimama, akakiona kidole gumba chake.

Watu walimwambia Subilaga, "Dada, hao wawili wanalitafuta kopo lako la ndoana. Wakishalipata, wewe ni wa kurudi jikoni kwa wifi yako." Subilaga akakosa raha. Kila aliyepita na kumsalimia alimwona anachungulia mlangoni. Basi akalijaza kopo ndoana za hovyo hovyo, zile alizofunga akiwa bado anajifunza. Ndoana moja tu ya kweli, panzi mwenye mabawa ya ganda la kitunguu, aliichomeka ndani ya kilemba chake, akakifunga kwa nguvu mpaka kichwa kikamuuma.

Watu walimwambia Ambokile, "Hao ni shemeji na shemeji. Samaki akishanasa wataukata mshipi, watakwambia katoroka, halafu watarudi kumchukua wao wenyewe." Ambokile ni mtu mpole, lakini neno hilo lilimkaa kooni. Akaazimia kwamba mshipi wowote atakaoushika, mwisho wake ataufunga kiunoni mwake, chini ya shati, kwa fundo ambalo hata yeye kulifungua ni kazi.

Siku ile ile ya gulio Subilaga alitoka na ndoo, amejiambia anakwenda kuchungulia tu. Kwenye kona ya chemchemi akakutana ana kwa ana na Gwamaka, suruali imekunjwa magotini.

"Shemeji, salama? Mbona gulioni hukwenda?" Subilaga akamuuliza.

"Na wewe je, shemeji?"

"Mimi napita tu. Nachota maji."

"Bomba lipo mlangoni kwako, unakuja kuchota tope huku?"

Kabla hajajibu, majani yakatikisika nyuma yao. Akatokea Ambokile, amesimama kama mtu asiye na habari, ameficha mgongoni mwanzi mrefu kuliko nyumba yake.

"Kaka Ambokile," Subilaga akamwambia, "hicho kinachochungulia juu ya kichwa chako ni nini?"

"Kuni," akasema Ambokile.

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Subilaga alikuwa anawaza: wamepanga, hawa, wamekubaliana kukutana hapa. Gwamaka naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, na Ambokile vile vile. Mlimani wingu jeusi lilikuwa linajikusanya, na kwa mbali zilisikika sauti za wana wa Mwaipopo, ambao nao wanaliwania bwawa, wakirudi gulioni na nyavu zao. Mvua ikishuka, tope linarudi. Wana wa Mwaipopo wakifika, hakuna kati ya hawa watatu atakayepata hata gamba.

"Sikilizeni," Gwamaka akasema. "Mahali alipo samaki napajua mimi. Ndoana anayo shemeji. Fimbo anayo huyu mwenye kuni. Tumtoe kwanza, tutagombana baadaye."

"Tutagombana wapi?" akauliza Ambokile.

"Popote utakapo."

Gwamaka akatazama maji kitambo, akanyoosha kidole. "Nyuma ya jiwe lile lenye ukoga. Amelala kichwa kikiangalia maji yanakotoka, anasubiri kinacholetwa. Tuvuke. Ukitupia kutoka huku, kivuli chako kitamfikia kabla ya ndoana."

Wakavuka. Katikati ya mto Subilaga akateleza, kopo likamponyoka, likaenda na maji likipiga kelele kama debe la harusi.

"Umelitupa makusudi!" Gwamaka akamfokea. "Unataka turudi nyumbani, halafu urudi peke yako!"

Subilaga alikuwa anatazama ukingoni, kwenye nyasi ndefu za masika, ambako panzi walikuwa wanaruka na kudondokea majini. Kila aliyedondoka, maji yalifumuka chini yake, na panzi hakuonekana tena. Akafungua kilemba. Mabawa yale ya ganda la kitunguu yakameta.

"Kwa hiyo kwenye kopo mlikuwa na nini?" Ambokile akauliza.

"Takataka. Kwa ajili yenu."

Ambokile akafunga panzi kwenye mshipi, akaupitisha kwenye mwanzi, na mwisho wake akauingiza chini ya shati huku amewapa mgongo. Akatupa. Panzi akatua juu ya maji kwa upole, akaelea, akapita kando ya jiwe. Mara maji yakafumuka.

Trauti yule hakuwa na mchezo. Aliruka juu, wakamwona mzima, akarudi majini, akaukokota mshipi kuelekea kwenye maporomoko. Mwanzi ukapinda, ukalia, ukavunjika katikati. Subilaga akapiga ukelele, akafumba macho, akaliona jiko la wifi yake. Alipofumbua, Ambokile hakuwepo. Mshipi ulikuwa umemvuta kwa kiuno mpaka kinani, chini ya mizizi ya mti ulioinamia mto. Wakasimama wanatazama maji. Yakatulia. Gwamaka akaanza kuvua shati. Ndipo Ambokile akaibuka, midomo ya bluu, amemkumbatia samaki kifuani kama mtoto mchanga.

"Ndoo!" akasema. "Ndoo, jamani!"

Wakateremka mpaka kwa kamati, mikono mitatu kwenye mshikio mmoja wa ndoo, maana hakuna aliyekubali kuuachia.

Mwenyekiti wa kamati ni Mama Tuntufye, mama mwenye mkono mrefu, na kwenye kazi ile hilo si jambo dogo. Alimlaza samaki kwenye mkono wake. Kiwiko, ncha ya kidole. Akazidi kidogo. Wakamtia kwenye pipa linaloingiziwa maji ya chemchemi.

"Haya. Jina la mvuvi?"

Yakatoka majina matatu kwa mpigo.

"Nawasikiliza. Mmoja mmoja."

"Mama," akasema Gwamaka, "bila mimi wangetupa ndoana kwenye tope mpaka kesho. Nani alijibanza kwenye mianzi mpaka akaona maji yametakata? Nani alionyesha jiwe?"

"Samaki anakula jiwe?" akasema Subilaga. "Alikula panzi wangu, mama. Ndoana nyingine zote zilikwenda na maji. Ingekuwa si kilemba changu, wangemtupia kokoto."

"Na angekula panzi wako akaondoka naye," akasema Ambokile, bado anatetemeka, yeye ambaye hatetemeki. "Fimbo ilivunjika. Kilichobaki ni kiuno changu. Nimekwenda kumfuata nyumbani kwake."

Mama Tuntufye akawatazama. "Hebu nielezeni. Wewe Gwamaka leo, siku ya gulio, ulijificha kwenye mianzi kwa nini? Na wewe mwanangu, ndoana kwenye kilemba? Na wewe, mtu mzima, unajifunga mshipi kama mbuzi?"

Gwamaka akasema, "Watu waliniambia."

"Na mimi, watu," akasema Subilaga.

"Watu," akasema Ambokile.

"Watu gani?"

Hakuna aliyetaja. Mama Tuntufye akasema kamati itakaa Jumamosi, na samaki atabaki pipani mpaka hapo. Tangu siku hiyo watatu hao wanakaa kulizunguka lile pipa, kila mmoja na kigoda chake, wanachungana. Watoto wa Subilaga wanamletea chakula hapo hapo. Sufuria zake ziko kwenye kanga, zimefungwa.

Haya, msomi. Mmoja aliona maji, mmoja alimshawishi samaki, mmoja alimtoa. Ukimwondoa yeyote, pipa ni tupu. Na kila mmoja alifaulu kwa sababu hakuwaamini wenzake: angekuwa na moyo mweupe, angekuwa gulioni, au ndoana zake zote zingekuwa kwenye kopo, au mshipi ungeishia kwenye fimbo. Kibanda ni kimoja. Mkono wa Mama Tuntufye ungekuwa wako, ungemwelekezea nani?

Fikiria. Mimi nakusubiri.

Umeshaamua? Basi subiri kidogo, usiseme. Kuna kipande nilikiruka.

Hao watu ni mimi.

Mimi ndiye niliyemwambia Gwamaka, na Subilaga, na Ambokile. Kila mmoja nilimwapisha asinitaje, na wote wametunza kiapo. Watu wasioaminiana wao kwa wao, wote watatu waliniamini mimi. Nilitaka wabaki wanachungana huko juu, ili mimi nivue chini ya daraja bila bughudha. Lakini kutakata kwa maji sikukujua kama Gwamaka. Nilisimama kwenye tope siku nzima nikapata kasamaki kama kiatu cha mtoto, nikakarudisha kasije kakaniaibisha.

Ungeniuliza juzi, ningekwambia bwawa ni langu: bila ulimi wangu hakuna samaki. Ningesimama mbele ya kamati na kifua mbele. Lakini jana nilipita pale kwenye pipa. Subilaga akaniita, akanipa viazi vya moto kwenye sahani yake mwenyewe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ahsante. Hapa kijijini ni wewe peke yako uliyeniambia ukweli."

Nikavila. Vilikuwa vitamu, nami nikaondoka kabla hajaniongezea.

Kesho kutwa ni Jumamosi. Nikisema, labda kamati itasema samaki amepatikana kwa uongo na kumrudisha mtoni, na mama yule atarudi jikoni kwa wifi yake. Nisiposema, mmoja atapata kibanda, na watatu hao watakwenda kaburini kila mmoja akiamini wenzake ni wezi.

Kwa hiyo amua upya, na safari hii niweke na mimi kwenye mizani. Samaki ni wa nani? Nami niende Jumamosi, au nikae kimya?

Ukipata jibu, wapelekee pale kwenye pipa. Wakikuuliza nani kakuambia, sema ni watu.