Siku Mgawa Maji Alipoketi Njiani

"Pumzi haiazimwi." Ndivyo mlivyomwambia mwenzenu leo asubuhi tulipokuwa tunazoa tope la mfereji, alipoegemea jembe akihema kama mvukuto wa mhunzi. Mkacheka wote bila kujua mnamcheka nani. Sasa mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kivindu, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua sitini, na uchungu wa kuizaa niliupata mimi. Naetwe, usinitazame hivyo. Babu yako alikuwa mtu kabla hajawa babu.

Mfereji wetu mnaujua. Unaanzia kwenye chemchemi kule juu, Jichoni, unaingia kwenye ndiva, yaani lile bwawa letu la udongo, halafu unateremka ukizunguka vilima hadi Mkiani, kwenye mashamba ya mwisho yanayopakana na tambarare. Kutoka Mkiani kwenda Jichoni ni saa tatu, na zote ni za kupanda. Mwenye mamlaka juu ya maji hayo ni mgawa maji. Yeye ndiye anayesema leo ni zamu ya nani na mlango upi ufungwe. Hapewi cheti wala mhuri. Anapewa jembe la kufungulia milango ya mfereji, na jembe hilo likiwa begani kwake, hata mwenyekiti wa kijiji anamsalimu kwanza.

Lakini wazee waliotutangulia hawakuwa wajinga. Walimwekea sharti. Mwenye shamba yeyote akiona maji hayamfikii, ana haki ya kumwita mgawa maji watembee pamoja kutoka Mkiani hadi Jichoni. Njiani wanaweza kuongea, wanaweza kusimama, hata kugombana. Kuketi ni mwiko. Mgawa maji akiketi, jembe linahamia kwa aliyemwita. Aliyemwita akiketi, anyamaze mwaka mzima. Wakifika wote wawili, mgawa maji anabaki na jembe lake, ila hana budi kutengeneza kilicholalamikiwa. Wazee waliona kwamba mtu asiyeweza kuufuata mfereji kwa miguu yake mwenyewe hawezi kujua maji yanapotelea wapi.

Mimi nilichaguliwa nikiwa na miaka thelathini na minane. Nilikuwa mwembamba kama ufito, na kutoka Mkiani hadi Jichoni nilikwenda nikipiga mluzi. Kilichoniangusha ni adabu. Mgawa maji akipita nyumba ya mtu lazima akaribishwe, na akikaribishwa lazima ale, maana kukataa chakula cha mtu ni kumwambia kwamba mkono wake mchafu. Kwa hiyo nyumba hii ni wali, ile ni ndizi za nyama, pale chapati zinachuruzika mafuta, na kwa mzee fulani dengelua, ile pombe ya miwa inayoteremka kooni kama haina habari na mtu. Nyumba saba, sahani saba, halafu narudi nyumbani nakuta Nambike, bibi yenu, amenifunikia chakula cha jioni. Nikakila nacho, kwa adabu. Kufika mwaka wa tatu adabu yangu ilikuwa inatangulia kuingia mlangoni, mimi nafuata. Nikisimama wima sikuweza kujua kama nimevaa viatu au la.

Mwaka wa nne nilianza kugawa maji nikiwa barazani. Nilituma watu: nenda kafungue kule, pita kafunge huku. Muuguzi wa zahanati alinipima akaniambia presha imepanda, nipunguze chumvi na mafuta, nirudi kutembea. Nikamjibu kwamba mgawa maji hajawahi kuuawa na chumvi. Akaniambia, "Basi utakuwa wa kwanza, mzee," akaita mgonjwa mwingine.

Huko Mkiani alikuwepo mwanamke anaitwa Nakundwa, sisi tukimwita Mama Kiondo. Alikuwa amenizidi miaka mitatu. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wanne aliwalisha kwa shamba moja la maharage. Mwaka ule maji hayakumfikia. Alipanda hadi kwangu akaniambia. Nikamwambia nitakuja. Akapanda tena. Nikamwambia nakuja. Nyumba yangu iko karibu na ndiva, kwa hiyo kila alipokuja kuniuliza alikuwa amekwea karibu njia yote. Nami nilimjibu kutoka kwenye kiti, tena mara nyingine nikiwa natafuna.

Siku moja alikuja na Mzee Kajiru, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa mfereji. Hakukaa.

"Baba Elinami," akasema, "maharage yangu yametoa maua. Wiki hii yasipopata maji, hayashiki, na wanangu hawana kingine."

"Mama Kiondo, si nimekwambia nakuja?"

"Umeniambia mara ishirini na sita. Leo sikuja kukuuliza. Nakuita tutembee. Alhamisi."

Nilicheka. Nilidhani Mzee Kajiru naye atacheka. Yeye akavuta ugoro wake taratibu, akasema, "Ameita. Alhamisi."

Nilikuwa na siku tatu za kujiandaa, nikazitumia kuzunguka kwa watu. Kwa shemeji yangu aliyewahi kuwa askari nikaazima viatu vya jeshi vyenye soli nene. Kwa mume wa dada yangu nikaazima kofia pana ya jua. Kwa Mzee Kajiru mwenyewe nikaazima fimbo yake ya mpingo, na akanipa bila kinyongo, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili siku zile. Nikajaza chupa maji ya glukosi. Nambike alinitazama nikijipangia kitandani vitu vyote hivyo kama bwana harusi.

"Unapendeza," akasema. "Ungeanza kutembea mwaka juzi ungependeza zaidi."

Alhamisi tukaanzia Mkiani, jembe likiwa begani kwangu, watu wakitufuata nyuma. Mama Kiondo alikuwa amevaa kandambili na kujifunga khanga kiunoni. Mkononi hana kitu. Nusu saa ya kwanza nilikwenda vizuri, nikawa hata nawapungia watu waliosimama mashambani. Kisha tukafika mlango wa kumi na mbili.

Mlango ulikuwa umebomoka. Maji yote yaliyotakiwa kufika Mkiani yalikuwa yanamwagika korongoni, safi, kwa kelele, yakinywesha mawe. Mama Kiondo alisimama kidogo ili nami nione, halafu akaendelea kupanda. Mwaka mzima nilikuwa nagawa maji ambayo hayakuwepo.

Baada ya hapo njia inaanza kuwa njia kweli. Nikagundua kwamba milango ya mfereji inahitaji ukaguzi wa kina sana. Wa kumi na moja niliukagua nikiwa nimeshika magoti. Wa kumi nikaukagua mpaka mawe yake yakanizoea. Kwenye wa tisa Mzee Kajiru akauliza, "Mgawa maji, huo mlango umekukosea nini?" Watu wakacheka, nami nikatikisa mkono kama mtu mwenye jibu, maana kusema siwezi. Viatu vya shemeji vilikuwa vizito kama mapipa mawili. Glukosi ilikuwa imekwisha zamani, na kofia ilinikinga jua lakini jasho lilikuwa linatoka ndani.

Tulipofika kwenye mwinuko mkali tunaouita Kwa Mbuzi, kwa sababu ndipo mbuzi wenyewe hupumzika, masikio yangu yalikuwa yanavuma. Mama Kiondo alikuwa ametangulia hatua kama kumi. Alikuwa anahema, ndiyo, lakini anahema kama mtu anayekuna nazi: polepole, kwa mpango. Nikaona nijiokoe kwa utani, silaha ambayo haikuwahi kuniangusha.

"Mama Kiondo," nikasema, neno moja moja, "leo umeniweza. Hebu niazime pumzi kidogo. Tukifika juu nakurudishia."

Watu walikuwa tayari kucheka, ila walingoja kwanza wamsikie yeye. Aligeuka akanitazama kuanzia juu hadi chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kofia umeazima kwa mume wa dada yako," akasema, "viatu kwa shemeji yako askari, fimbo kwa Mzee Kajiru. Vyote umepewa. Lakini pumzi haiazimwi, Baba Elinami. Hii yangu nimeichuma kwenye njia hii hii, nikipanda kukuuliza maji yangu yako wapi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri tu, bado nalikumbuka. Lakini jibu linahitaji hewa, na hewa sikuwa nayo, na magoti yangu yakaamua bila kunishauri. Nikaketi. Nikaketi kabisa, kwenye vumbi, miguu mbele, kama mtoto anayengoja uji.

Mzee Kajiru akasogea, akalichukua jembe begani kwangu, akampa Mama Kiondo. Yeye hakushangilia. Sharti linataka njia imalizwe, kwa hiyo akaweka jembe begani akapanda hadi Jichoni, na sisi tukimtazama anavyopungua ukubwa kule juu. Aliporudi amri yake ya kwanza ilikuwa milango yote ifungwe na watu washuke kujenga ule wa kumi na mbili. Waliujenga siku hiyo hiyo. Jua lilipokuwa linainama, maji yakaingia Mkiani. Maharage yakashika.

Mimi nilirudishwa nyumbani nikiwa katikati ya wanaume wawili. Kwa wiki mbili sikutoka nje. Watoto walikuwa wakipita uani wakiambiana, "Niazime pumzi," wanakimbia. Maneno yale yalifika sokoni, yakafika kanisani na msikitini, yakavuka mlima. Niliyasikia yakisemwa na mtu wa kijiji kingine asiyenijua, akimkanya mwanawe, nikamkubalia kwa kichwa kama mtu mwenye hekima.

Wiki ya tatu Mama Kiondo akaja nyumbani. Safari hii alikaa.

"Nina kazi," akasema. "Mlango wa Mkiani unataka mtu wa kuufungua kila asubuhi."

"Mkiani? Nitembee hadi Mkiani kila siku?"

"Na kurudi. Hiyo ndiyo sehemu ninayoitaka mimi."

Nilimtazama Nambike nikitegemea msaada. Akaniletea kandambili.

Siku ya kwanza kurudi kulinichukua kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na nilisimama mara nyingi kuliko nilivyotembea. Lakini sikuketi. Niliapa kwamba makalio yangu hayataigusa tena njia ile. Nyumbani Nambike alinipikia makande bila kuyaogesha mafuta, mchicha, mnafu, uji wa ulezi, na nyama ikawa mgeni wa Jumapili. Sahani alinibadilishia akanipa ndogo. Nikalalamika. Akasema kubwa zimevunjika, zote. Kuhusu zile karamu za njiani, Mama Kiondo aliitisha wazee akabadilisha desturi: anayepita kwa kazi ya mfereji anakaribishwa kwa kibuyu cha maji na ndizi mbivu moja, na asiyekula zaidi hajamtukana mtu. Ndiyo maana mpaka leo mnamkaribisha mgawa maji wetu hivyo. Mlidhani sisi ni wachoyo.

Miezi ikapita. Nikaanza kuviona vidole vya miguu yangu, kimoja kimoja, kama ndugu wanaorudi kutoka safari. Muuguzi alinipima akaniuliza nimetumia dawa gani ya kienyeji. Nikamwambia: mlango wa Mkiani. Alitikisa kichwa, lakini aliandika.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha nilikwenda kwa Mama Kiondo pamoja na Mzee Kajiru.

"Nakuita tutembee," nikamwambia.

Akaweka chini ungo wake. "Una malalamiko gani? Maji hayafiki?"

"Yanafika kila mahali. Sijawahi kuona mfereji ukienda vizuri hivi."

"Basi unataka jembe."

"Jembe kaa nalo. Nataka kufika."

Mzee Kajiru alivuta ugoro, akafikiri kwa muda mrefu. Sharti lilisema malalamiko, na malalamiko hayakuwepo. Mwishowe akasema, "Huyu anajilalamikia mwenyewe. Wazee hawakukataza. Alhamisi."

Watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana wapo waliotaka kuniona nikiketi tena. Nilikuwa na kandambili na shati langu. Tulikwenda mimi na yeye bega kwa bega. Tulipita mlango wa kumi na mbili, maji yamenyooka. Wa tisa sikuukagua. Kwa Mbuzi mwili ulitaka kuanza mazungumzo yake ya zamani, nikauacha uongee, miguu ikaendelea. Katikati ya mwinuko Mama Kiondo akauliza, bila kunitazama, "Unataka tusimame?"

"Wewe je?"

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi sitaki."

"Basi usiniongeleshe, nahema."

Tukafika Jichoni pamoja. Alibaki na jembe lake, kama sharti linavyosema, na alilishika miaka kumi na mitano mingine. Sijawahi kumwona mgawa maji bora kuliko yeye, na hili nalisema mimi niliyenyang'anywa. Nambike alikuwa ametangulia kule juu. Alinitengenezea tu kola ya shati, mbele ya kijiji kizima, kama siku tuliyofunga ndoa.

Sasa nina miaka sabini na saba, na kila mwezi napanda kule kwa miguu hii mnayoiona. Nimeshika nyadhifa, nimechinjiwa mbuzi, nimesalimiwa kwanza na wakubwa. Vyote hivyo watu walinipa, na walipotaka walivichukua. Lakini siku ile nilipoinama kunywa maji Jichoni, niliisikia inaingia na kutoka kifuani, nzito, ya moto, na hapakuwa na mtu pale mlimani wa kuniambia nimrudishie. Pumzi haiazimwi.