Ng'washi Hayupo

Nisikilizeni, kisha mniamulie.

Walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja. Luhende alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Sayi alikuwa fundi wa kuandika programu za kompyuta. Nkwimba alikuwa na miguu isiyochoka, na hakujua kukubali akiambiwa hapana. Wote watatu hawakujaaliwa mtoto. Aliyekaribia kumpata ni mdogo wao, Ng'washi, mwenye mimba ya miezi minane.

Mafuriko yakamzoa.

Hospitali zilikusanya majina ya waliookolewa kwenye faili moja. Sayi akalifungua, akatafuta Ng'washi. Kompyuta ikajibu hakuna.

"Hayupo, mama," akasema. Mama yao akajifunika khanga usoni.

Siku ya tatu Luhende alilichapisha faili lile, akaanza kulisoma mstari kwa mstari, karatasi sitini.

"Sayi, hebu njoo. Huyu Nyangâ€™olo ni nani?"

Alikuwa Nyang'olo, jirani yao. Kila penye ritifaa, ule mkato mdogo wa ng', kompyuta ilikuwa imeweka takataka.

Sayi akarudi kwenye kompyuta. Akaandika mistari minne: kila takataka zile zitakapoonekana, zitolewe, ritifaa irudi mahali pake. Hakuzifuta tu, maana lingebaki Ngwashi, na mdogo wake hakuitwa hivyo. Akatafuta tena. Wakatokea akina Ng'washi watano, katika hospitali tano.

Nkwimba akaondoka saa ileile. Barabara zilikuwa zimekatika; akapita kwenye matope, akabishana na walinzi wa mageti. Kesho yake, kwenye hospitali ya tano, nesi alimshika mkono.

"Pole, dada. Amefariki jana. Siku zote alikuwa anawaulizia nyinyi."

Kisha akamletea mtoto mchanga wa kike, mzima.

Sayi alipopigiwa simu hakulia. Alihesabu siku.

"Wewe ndiye uliyempata," Luhende alimwambia.

"Mimi ndiye niliyesema hayupo, kaka. Na alikuwa hai."

Sasa fomu ya ustawi wa jamii inataka jina la mlezi mmoja. Luhende anamtaka mtoto. Nkwimba, aliyembeba hadi nyumbani, hataki kumshusha. Sayi naye anamtaka, ila kila akishika kalamu kuandika jina lake, huiweka chini. Mama yao amekataa kuchagua.

Haya, nyinyi mliosikia: mtoto apewe nani? Wewe ungeandika jina gani?