Televisheni Chumbani kwa Kombo

Chande alifunga televisheni na mashine ya gemu chumbani kwa mwanawe Kombo, wa miaka minane, wakawa wanacheza humo wawili hadi mtoto akawa anasinzia darasani. Siwatu, mkewe, alimsihi avitoe.

"Nimeshasema havitoki."

"Haya, baba Kombo. Na kile kitanda cha pili chumbani kwa Kombo, naweza kumlaza mgeni?"

"Mlaze umtakaye."

Ijumaa Chande alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akafungua mlango wa Kombo. Kitandani, kajifunga khanga moja, alikuwa amejinyoosha mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema Chande, macho ukutani, akarudi kinyumenyume hadi sebuleni.

"Mama anakaa siku ngapi?" alimuuliza Siwatu.

"Mpaka Kombo amalize shule."

"Vitoe," alisema Chande.

"Si ulisema havitoki?" aliuliza Siwatu, waya wa televisheni ukiwa tayari mkononi mwake.