Mpelelezi Mgaya na Mafundi wa Barazani

“Mpelelezi akisahau, ukumbi hukumbuka.” Mmeisikia huko sokoni, mkanijia mbio kuuliza imetoka wapi. Haya kaeni, na wewe Tulinagwe weka hiyo simu chini. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo, nimelala sakafuni, maiti.

Msicheke. Kikundi chetu cha maigizo hapa Njombe kiliandaa mchezo wa kuchekesha, wa mpelelezi mjuaji anayemshuku kila mtu, hata mbuzi, isipokuwa muuaji. Mimi ndiye niliyeuawa. Mpelelezi alikuwa Mzee Mgaya, mwalimu mstaafu. Mwaka ule alikuwa amepata kiharusi, na maneno yakawa yanamtoroka. Mkewe, Mama Atukuzwe, alitusihi tumpe mtu mwingine nafasi ile, maana hakutaka mumewe achekwe. Mzee akakataa katakata. Alisema akishindwa siku hiyo, hatapanda tena jukwaani.

Tulifanya mazoezi miezi mitatu. Madirisha ya ukumbi hayakuwa na vioo, na barazani walikaa mafundi cherehani na wauza ndizi. Kelele zao zilituudhi. Tuliwafukuza mara mbili, wakarudi.

Siku ikafika. Saa tisa alasiri ukumbi ulifurika, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mzee Mgaya akafika mahali pa kumtaja muuaji, akanyamaza. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akazidi kunyamaza. Kicheko kikafifia chenyewe. Mimi nimefumba macho, nasikia pumzi zake tu, na moyo unanidunda kiasi cha kuniumbua.

Ndipo ikatoka sauti ya chini kule nyuma, dirishani upande wa barazani. Alikuwa Bi Semeni, fundi cherehani, yuleyule tuliyemfukuza.

“Nimechunguza viatu vyote vya nyumba hii,” alisema.

Ndiyo maneno yenyewe! Muuza ndizi mmoja akaendeleza, “Kimoja tu kina matope.” Kisha baraza lote, na waliokuwa wakipita njia ile kila siku, wakasema pamoja, polepole, kama watu walio kanisani: “Na mwenye kiatu hicho yuko mbele yangu.”

Wajukuu zangu, mwili wote ulinisisimka. Sijapata kusikia kitu kama kile.

Mzee Mgaya akavuta pumzi. “Kumbe mashahidi mlikuwapo wote,” akasema, “mkaniacha nihangaike peke yangu.”

Hilo halikuandikwa popote. Akamgeukia muuaji, akamtaja, akaumaliza mchezo bila kukosea neno. Mama Atukuzwe alikuwa safu ya mbele, analia waziwazi. Nami machozi yalinitiririka hadi masikioni, maiti gani huyo, na hakuna aliyenicheka.

Mzee aliigiza miaka minne zaidi. Vioo vipya vilipoletwa, alisimama mlangoni akavikataa, na baridi yote hii ya Njombe. Tulipomnung’unikia, alijifunga koti lake la upelelezi, akatuonyesha baraza kwa kidole, akasema: mpelelezi akisahau, ukumbi hukumbuka.